Punda wa Laela na Kufuli la Tunduma

Punda wa Laela alianza na mkokoteni mmoja. Siku hizo njia ya kutoka Tunduma kwenda Sumbawanga ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na mnyama aliyefikisha mzigo mjini bila kuvunja ekseli aliandaliwa pombe. Punda alibeba chochote alichopewa. Alibeba maharage ya Mama Nguchiro wa Mpui, ulezi wa akina Kanga, alizeti ya Ngiri, chumvi, bati, majembe, na safari moja alibeba jeneza la mzee Kakakuona kutoka Mbeya asidai hata senti. Kila mwenye mzigo alimlipa kidogo. Wengine walilipa baada ya mavuno, wengine walilipa kwa debe la ulezi. Lakini haikupita wiki mkokoteni ukilala uani mtupu, na kwa fedha hizo za kuokoteza alinunua wa pili, halafu wa tatu.

Hapo ndipo habari zake zilipomfikia Tembo.

Tembo alikuwa na ghala Sumbawanga. Mji ule uko juu, kwenye mita 1,800 hivi, katikati ya uwanda wa Ufipa, Ziwa Tanganyika likiwa upande mmoja na bonde la Ziwa Rukwa upande wa pili. Mvua huanza Novemba na kukatika Aprili, na mahindi ya huko yameshibisha nchi kwa miaka mingi. Mwezi wa sita, baridi inapouma, Tembo alizunguka vijijini akinunua kwa lumbesa, gunia lililoshindiliwa mpaka likaota kichwa, kisha akayapeleka Tunduma ambako wanunuzi wa Zambia na Kongo walikuwa wakimngoja.

"Shikamoo, Mzee," Punda alisema mlangoni, kofia mkononi.

"Marahaba. Nasikia unahangaika na viroba vya Nguchiro. Mimi mwaka huu nina magunia elfu nne. Ubebe wewe, peke yako. Ila nikikuita, uje siku hiyo hiyo. Nisiambiwe kwamba uko kwa fulani."

Nauli ya Tembo kwa gunia ilikuwa ndogo kuliko aliyolipa Mama Nguchiro, lakini Mama Nguchiro alikuwa na magunia sita. Punda alipiga hesabu usiku kucha, na asubuhi akakubali. Nisimwonee: msimu ule wa kwanza hesabu yake ilikuwa sahihi. Alipakia mahali pamoja, akashusha mahali pamoja, akalipwa na mtu mmoja kwa mkupuo. Hakuamka tena kubisha hodi kwa watu kuuliza kama wana mzigo. Aliezeka nyumba kwa bati, na watoto wake wakaenda shule wamevaa viatu.

Kilichobadilika kilionekana Mpui tu. Mama Nguchiro alikaa kando ya barabara na magunia yake sita ya maharage chini ya turubai. Mikokoteni mitatu ya Punda ikapita ikielekea Tunduma. Akapunga mkono.

"Leo nimejaa, mama!"

Siku ya tatu mikokoteni ile ile ikarudi mitupu, magurudumu yakirukaruka kwa wepesi, na bado haikusimama, kwa sababu Tembo aliitaka ghalani kabla ya jua kuchomoza. Mama Nguchiro hakusema neno. Alikunja turubai, akamtuma kijana kwenda Matai kumuulizia Maksai.

Nataka tukae kidogo kwenye mikokoteni ile iliyorudi mitupu. Kila mwenye Fuso moja Sumbawanga anajua kwamba safari ya kurudi inakunywa mafuta na kula matairi kama ile ya kwenda, na kwamba faida ya mwaka mzima inaweza kumwagika njiani kwa kurudi bila kitu. Tembo hakulipia kurudi. Punda ndiye aliyekuwa akimlipia, kila wiki, na kwenye hesabu yake ya usiku ule gharama hiyo haikuwamo.

Msimu wa pili Tembo alitaka mikokoteni saba. Punda akapanda milima ya Mbizi kwa Fisi, mkopeshaji.

"Mzigo utapewa na nani?" Fisi aliuliza.

"Tembo."

"Na mwingine?"

"Tembo anatosha."

Fisi aliandika, akaweka shamba la Laela kuwa rehani, akahesabu fedha za mikokoteni minne. Hakuuliza zaidi. Mkopeshaji mwenye rehani mkononi hana haraka ya kuuliza.

Maksai wa Matai alikuwa mnyama wa namna nyingine kabisa. Mwendo wake ulichosha hata kuutazama. Alipanda kutoka Kasanga na dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, akateremka Kasanga na saruji ya kupakiwa kwenye meli za Kongo. Akishuka bonde la Rukwa kwa mteremko wa Lyamba lya Mfipa, aliwapelekea watu wa Muze na Mtowisa sabuni na mabati, na kutoka huko akapandisha mpunga na ufuta. Septemba hadi Novemba alibeba mbolea na mbegu. Daftari lake lilikuwa chafu, limejaa majina ya watu wenye magunia mawili, matano, kumi. Wenye mikokoteni mipya walimcheka.

Walikutana sokoni Sumbawanga, Punda akiwa na kengele mpya shingoni.

"Ndugu yangu," Maksai alisema, "Tembo akiugua itakuwaje?"

"Tembo haugui."

"Akipata mwingine wa bei chini yako?"

"Kaka, mshika mbili moja humponyoka. Na njia mbili zilimshinda Fisi, wewe unajua."

"Zilimshinda kwa sababu alitaka kuzipita zote kwa wakati mmoja," Maksai alijibu. "Mimi Jumatatu napita ya Kasanga. Alhamisi napita ya Muze."

Juu ya paa la ghala alikuwa ametua Korongo, ambaye kila mwaka hushuka Ziwa Rukwa akitoka mbali. Alikuwa mzee, na babu zake walimwachia habari.

"Mimi nimewaona wabebaji wengi," Korongo alisema. "Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe, njia ya kusini ya Zambia iliharibika, na mafuta yake yakaanza kupita Dar es Salaam kwa malori. Barabara ilikuwa ya vumbi, ikaua madereva na kuvunja magari mpaka ikaitwa njia ya jehanamu. Lakini mzigo ulikuwa haukauki, na wenye malori waliamini hautakauka. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mafuta yakaingia ardhini. Mwaka 1976 ikafunguliwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, na mzigo mwingine ukapanda treni."

"Hayo ni ya zamani," Punda alisema.

"Basi nikupe ya juzi. Bomba lile lile lilikuwa likipitisha mafuta ghafi. Mwaka 2023 likaanza kupitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa. Wapo wenye matangi ya barabarani ambao dizeli ya Zambia ilikuwa ndiyo riziki yao, waulize. Na Mombasa, Agosti 2019, ilitoka amri kwamba mizigo ya kwenda Nairobi ipande reli mpya. Amri ilipingwa mitaani, ikapingwa mahakamani. Lakini kabla kesi haijaisha, malori yalikuwa yamesimama, na Mariakani, Voi na Mtito Andei mama ntilie na mafundi wa matairi walikaa wakitazama barabara. Hakuna aliyewachukia, Punda. Mzigo ulihama tu."

Maneno haya yalimwingia Punda kuliko alivyotaka ionekane. Kwa wiki mbili hakulala vizuri, kisha akafanya jambo ambalo wengi wangelisifu. Alikwenda kwa Kiboko, ambaye naye alikuwa na ghala. Akaenda kwa Nyati. Akaenda kwa Pofu wa Namanyere. Akapunguza mzigo wa Tembo kidogo, akagawa mikokoteni, na kufika mwezi wa saba alikuwa na wateja wakubwa wanne. Alimwita Maksai amwonyeshe daftari jipya.

Maksai alisoma, akarudisha. "Kiboko anapeleka nini?"

"Mahindi."

"Wapi?"

"Tunduma."

"Na Nyati?"

Punda alinyamaza, kisha akakasirika, kwa kuwa alikuwa amefanya kazi kubwa na hakusifiwa.

Mtu anaambiwa asitegemee mteja mmoja, anatafuta wanne, anahesabu majina, anapumua. Lakini mahindi ya Tembo na ya Kiboko na ya Nyati na ya Pofu yalinyeshewa na mvua moja, yalivunwa mwezi mmoja, yalifuata bei moja na kuvuka mlango mmoja. Yalikuwa magunia ya watu wanne nyuma ya kufuli moja. Kwa mbebaji, huyo ni mteja mmoja mwenye majina manne. Ningetamani neno hili limfikie kila kijana anayesaini mkopo wa lori la pili kwa kuwa amepata dalali wa pili, bila kuuliza kama madalali wote wawili wanakula kwenye sahani ya mfanyabiashara mmoja.

Siku ya amri ilikuwa Jumanne. Simba, mkuu wa nchi, aliona kwamba mvua zilikuwa haba kwenye nyika za kaskazini na watoto huko walikuwa wakilala njaa. Akatuma mbiu: mahindi hayavuki mpaka. Anayetaka kuvusha, avushe unga.

Simba wa hadithi hakubuniwa kutoka hewani. Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje mwaka 2011, na Juni 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza tena marufuku hiyo, akihimiza wafanyabiashara wasage na kuuza unga. Serikali ilikuwa na sababu yake, kwa kuwa nchi haiwezi kutazama chakula kikitoka huku bei ya unga ikiwapanda watu wake kichwani. Lakini katika mikoa inayolima ziada bei ya mahindi ilianguka, na kila aliyeishi kwa kuyahamisha aliumia pamoja na mkulima.

Mikokoteni saba ya Punda ilikuwa Tunduma kwenye foleni. Ilikaa siku tano. Utingo walilala juu ya magunia wakiyafunika kwa turubai lililotoboka. Siku ya sita ikaamriwa kurudi na mzigo wake, na safari hii, kwa mara ya kwanza, haikurudi mitupu.

"Nauli hulipwa mzigo ukifika," Tembo alisema. "Huu haukufika."

"Umefika Tunduma, Mzee. Na nimeurudisha."

"Sikukuagiza kuurudisha."

Kiboko alisema hivyo hivyo. Nyati hakufungua mlango. Pofu alilia, maana na yeye alikuwa na deni, lakini machozi yake hayakulipa.

Mpui palikuwa na mashine ya kusaga ya Kindi. Tangu siku ya mbiu ilinguruma usiku na mchana, kwa sababu unga uliruhusiwa, na viroba vya unga vilikuwa vinatafuta wa kuvipeleka mpakani. Punda alipita mbele ya mlango wa Kindi akaona viroba vikipakiwa kwenye mkokoteni wa Maksai. Amri ile ile iliyomfunga ilikuwa imezaa mzigo mpya hatua mia kutoka barabara yake, naye hakuwa na namna ya kuupata, kwani kwa misimu miwili hakuwahi hata kumsalimu Kindi.

Na msidhani Maksai alipona bila jeraha. Mwaka huo huo ziwa lilifungwa, kama Ziwa Tanganyika lilivyofungwa kweli kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Dagaa walikuwa mzigo wake mkubwa. Kwa miezi mitatu hapakuwa na dagaa. Maksai aliuza kengele yake, akapunguza utingo mmoja, akala ugali kwa mlenda. Lakini kufuli la ziwani halikufunga mpunga wa Muze, na kufuli la Tunduma halikufunga maharage ya Mama Nguchiro. Alipungukiwa. Hakusimama.

Fisi alishuka kutoka Mbizi mwezi wa tisa. Akachukua mikokoteni minne, akasema atarudi kwa ajili ya shamba.

Punda alikwenda Mpui kwa miguu. Mama Nguchiro alimkaribisha, akampa maji, akamuuliza hali ya watoto.

"Mama, nimekuja kwa habari ya maharage."

"Maharage yangu yana mwenyewe siku hizi, baba. Sina ugomvi na wewe. Ila nilikaa pale barabarani msimu mzima, na Maksai alikuja kwa magunia sita, mvua ikinyesha. Nikimwacha leo kwa kuwa wewe umepungukiwa, kesho nitakuwa nimekaa pale tena."

Punda hakuwa na la kujibu, na ninamheshimu kwa kutotafuta la kujibu. Kutafuta mzigo mwingine siku ambayo wa kwanza umekatika ni kuchelewa. Mwenye magunia sita humpa mzigo aliyemjali mwaka wa neema, na mwaka wa neema Punda alikuwa amejaa.

Aliyemwinua alikuwa Maksai, na hakumwinua kwa huruma peke yake. "Wenye mbolea wanataka ifike mashambani kabla ya mvua ya kwanza," alimwambia, "na mikokoteni yangu haitoshi. Inatoka Tunduma kupanda. Unayo mitatu. Lakini kushuka Tunduma usishuke mtupu. Kindi amezidiwa na unga. Nimemwambia utapita. Nauli ni ndogo."

Punda akashuka na unga, akapanda na mbolea. Safari za kwanza nauli ya unga haikutosha hata majani, ila ya mbolea iliijazia, na kwa mara ya kwanza tangu ampate Tembo alilipwa pande zote mbili za barabara. Mbolea ilipoisha, aliteremka bondeni kwa Mjomba Sungura wa Mtowisa. Sungura alimpa magunia matatu ya mpunga, akamwambia arudi wiki ijayo kwa mengine matatu, akamjaribu hivyo kwa miezi miwili. Mteremko wa Lyamba lya Mfipa ulimla breki na kumchubua mabega. Huko Kasanga alifundishwa kwamba mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa, kwa hiyo wiki za giza ndizo za kupakia, na wiki za mwezi mpevu ni za kubeba kitu kingine.

Daftari lake la tatu alilipanga kwa namna ambayo hata Maksai hakuwahi kuifikiri. Upande wa kushoto aliandika jina la mwenye mzigo. Upande wa kulia aliandika kitu kinachoweza kuufunga mzigo huo: kwa mahindi, amri ya mpaka; kwa dagaa, mbalamwezi na kufungwa kwa ziwa; kwa mpunga, mafuriko ya bonde; kwa mbolea, fedha ya mkulima; kwa saruji, meli isiyokuja Kasanga. Kila alipoletewa mteja mpya, alitazama kwanza upande wa kulia. Akikuta neno lile lile limejirudia mara tatu, alishukuru na kuomba apewe muda.

Baada ya mavuno mengine Simba alifungua mpaka. Tembo akatuma mjumbe Laela.

"Nina magunia elfu tano," Tembo alisema. "Yote yako. Yaliyopita yamepita."

"Nitakubebea elfu moja na mia tano, Mzee. Kwanza tumalize nauli ya mzigo niliourudisha."

Tembo alitikisa masikio. "Wewe ulikuwa na mikokoteni mitatu nilipokuokota."

"Na sasa ninayo mitatu. Nauli nusu mbele, kabla gurudumu halijazunguka. Na mkokoteni ukifika Tunduma utangoja kupakia mbolea ya watu, kwa hiyo usinitazamie kabla ya siku nne."

Zamani Tembo angemfukuza. Lakini mwaka wa amri na yeye alikuwa na mbebaji mmoja tu. Siku Punda alipoangushwa na Fisi, magunia mia nane ya Tembo yaliyokuwa bado Laela yalibaki nje kwa kukosa wa kuyahamisha, yakaota ukungu, na ng'ombe wa jirani wakayakataa. Alikuwa amejifunza hasara yake kwa upande mwingine wa mkokoteni ule ule. Akafungua kabati, akatoa deni la zamani, akaanza kuhesabu nusu ya nauli mpya.

"Hizo elfu tatu na mia tano zilizobaki," aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye noti, "huyo Maksai wako anapatikana siku gani?"

"Jumatatu yuko Kasanga na Alhamisi yuko Muze," Punda alisema. "Mtafute Jumatano. Lakini hatakubali zote."